Mlango wa Pembeni

Beatha hakuwa mtu wa kuliamini gunia kwa kulitazama. Pale sokoni Same, ambako meza yake ya maharage na tangawizi ilipakana na yangu kwa miaka mingi, wachuuzi walimwita Mama Bambo, kwa kuwa hakununua gunia lolote kabla hajalichoma kwa bambo, kile chuma chenye mdomo kama kijiko kinachotoa punje za katikati na za chini. Alipoanza biashara, binti aliyetoka kushuka Vudee, kule mlimani, juzi tu, aliuziwa magunia yaliyokuwa na maharage juu na mchanga chini. Hakulia. Aliurudisha ule mchanga kwa aliyemuuzia, akaumwaga wote kizingitini pake, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kuchoma kwanza, kucheka baadaye.

Mumewe, Eliufoo, alikuwa wa aina nyingine kabisa. Alikuwa bwana mifugo wa serikali, mtu wa kuamini kila anachoambiwa, hata na mfugaji anayeapa kwamba ng'ombe wake wote wamekwisha kuchanjwa. Alizunguka na pikipiki tambarare yote, mpaka kule Jipe mpakani, na boksi lake la barafu la chanjo nyuma. Kwa sababu ya kazi hiyo waliishi nyumba za watu maisha yao yote. Beatha alipika katika majiko ya wenzake, akapanda mboga akaziacha kwa wapangaji waliofuata. Kwa hiyo mzee alipostaafu na wakaamua kujenga kwenye kiwanja chao upande wa Kisima, pale unapoiona milima ya Upare imesimama yote mbele yako, Beatha alikuwa na nyumba tayari kichwani. Nyingine alikuwa nazo kwenye simu. Alikuwa akinionyesha wateja wakipungua: baraza la mbele lenye ngazi za mviringo, sebule iliyoshuka chini kidogo, korido inayopinda ili mgeni asione vyumba vya ndani.

Siku ya kuchora ramani alikuja kijana mmoja wa mjini, Wilbard, na kompyuta yake. Walikaa watatu kwenye ile nyumba ya kupanga.

"Shikamoo mama. Nimeziona picha ulizonitumia," Wilbard akasema. "Hapa mbele tunaweka ngazi zako za mviringo."

"Ngazi hapana," akasema Eliufoo.

Beatha akamgeukia. Katika ndoa yao mzee hakuwahi kusema neno juu ya nyumba. Hata rangi ya pazia alikuwa akisema utakavyoona wewe.

"Hapana kwa nini, Baba Shukrani?"

"Sakafu iwe usawa mmoja. Kuanzia getini mpaka jikoni. Na hiyo sebule ya kushuka, iondoe. Korido nayo iwe moja kwa moja, isipinde."

Wilbard akafuta, akachora. Beatha akajiambia labda mzee ameanza kuhofia magoti. Hilo angeweza kulimeza. Lililomkwama kooni ni lililofuata.

"Chumba chetu," Eliufoo akasema, akiinama karibu mno na kioo cha kompyuta, "kiwe na mlango wake wa kutokea nje. Huku pembeni."

"Wa nini?" Beatha akauliza.

"Wa hewa."

"Hewa ina dirisha."

Wilbard alitazama vidole vyake. Na ule mlango ukachorwa.

Kesho yake sokoni Beatha hakuuza vizuri. Alikuwa akipepeta maharage yaliyokwisha kupepetwa. "Mama Asheri," akaniambia, "mwanamume wa umri ule anataka mlango wa kutokea chumbani kwake bila kupita sebuleni. Wewe unaona ni hewa hiyo?"

Nikamwambia wazee hupenda kutoka usiku kwenda kujisaidia. Akaniambia choo kimo mle mle chumbani, amekiona kwenye ramani. Nikageukia meza yangu.

Tangu hapo Beatha akaanza kumchoma mumewe bambo kila upande. Kila alipochoma kilitoka kitu.

Kwanza yalikuja maua. Eliufoo alikuwa mtu wa kuyaita maua chakula cha mbuzi. Sasa msingi haujachimbwa, yeye tayari amepanga bustani. Alitaka asumini getini. Alitaka mchaichai mlango wa jikoni na kivumbasi kando ya njia ya bafu la nje. Aliuliza kama rozimari inavumilia jua la Same. Beatha alimuuliza rangi gani ya waridi anataka, akajibu rangi yoyote, mradi linukie. Mwanamume asiyejali rangi ya ua anajali nini, kama si pua ya mtu fulani aliyemfundisha?

Halafu zikaja safari za Mwanga. Alikwenda kwa basi karibu kila wiki, akisema anafuata miche. Pikipiki je? Iko kwa fundi, injini. Beatha akapita kwa fundi, pale karibu na stendi, akijifanya anaulizia bei ya tairi la toroli.

"Na ile ya mzee itakwisha lini?" akauliza.

"Ya mzee?" Fundi akafuta mikono. "Mama, pikipiki ya mzee sijaiona tangu mwaka jana."

Beatha akashukuru akaondoka. Aliniambia siku hiyo kwamba miguu yake ilimpeleka sokoni yenyewe, yeye alikuwa mbali.

Kanisani nako hakukumpa pumziko. Wanawake wa kwaya walimwendea baada ya ibada, wakicheka kicheko kisichofika machoni. "Mzee wako siku hizi ana majivuno? Tunampita bega kwa bega, tunamwamkia, kama hatuoni." Beatha akacheka nao. Moyoni aliandika jambo lingine: mtu mwenye lake la kuficha huanza kwa kukwepa nyuso za watu.

Msingi ulipochimbwa, jirani wa kiwanja, Mzee Anaeli, alimsimamisha njiani. Anaeli ni mtu wa mbuzi na maneno, na vyote viwili havifungiki.

"Shemeji, mimi si mchonganishi," akaanza. "Lakini mzee huja hapa jioni mafundi wakiondoka. Anavua viatu. Anafumba macho. Anatembea kwenye kiwanja pekupeku, mikono mbele hivi, anasema peke yake. Akifika kwenye vigingi vya fundi anavishika kimoja kimoja. Mimi nimezaliwa milimani, shemeji. Najua mtu anayezindika kiwanja."

Hapo Beatha aliogopa. Mwanamke mwingine ni adui anayeeleweka. Lakini kiwanja kuzindikwa, mtu akafumba macho akasema na asiowaona, kwa nini? Wana nini cha kuzindika? Na dawa hizo hudai nini baadaye? Aliwahi kusikia, kama sote tulivyosikia, habari za nyumba zinazomtaka mama mwenye nyumba kwanza. Asubuhi yake alikwenda kiwanjani na jembe kabla ya mafundi. Akaona kando ya njia ya getini mzee ameotesha kijiti chenye majani membamba, na kukizungushia mawe yaliyopangwa. Akakichimbua chote. Alitafuta chupa, kitambaa, hirizi, jino. Alikuta mizizi ya rozimari.

Jioni Eliufoo alirudi mnyonge. "Mtu kang'oa rozimari yangu."

"Ni mbuzi wa Anaeli," Beatha akasema, huku akikoroga uji.

"Mbuzi hawali rozimari."

"Basi wameanza."

Mzee alikaa mezani, akanyoosha mkono kuchukua kikombe, akakiangusha. Beatha akaona dhamira inamtetemesha. Akapangusa meza.

Siku ya pili yake, mzee akiwa amekwenda kwenye mkutano wa wastaafu, Beatha alijifunga kitenge kizuri, akapanda basi, akashuka Mwanga. Hakuwa na jina, ila alijua neno moja: miche. Aliuliza palipo na vitalu, akaelekezwa upande wa barabara inayopanda Ugweno. Cha kwanza hakikuwa. Cha pili, chini ya kibanda cha mabati, nyuma ya mifuko ya udongo, aliiona pikipiki. Ilikuwa imefunikwa turubai, lakini namba zilionekana, na lile boksi la chanjo lililopasuka kona alilijua kama anavyojua sufuria zake.

Mwanamke aliyetoka kati ya miche alikuwa na mabuti ya mpira na matope mpaka viwikoni. Alikuwa mzuri. Beatha hakunificha hilo. Mweupe wa Kigweno, meno yamepangika, umri wa kuwa mdogo wake wa mwisho.

"Shikamoo dada. Karibu. Unatafuta mche gani?"

"Natafuta mwenye pikipiki ile."

Yule mwanamke akamtazama sana. Akaosha mikono ndani ya pipa, taratibu, kama anayetafuta muda. "Wewe ni Mama Shukrani."

"Ananitaja?"

"Kila anapokuja."

"Na wewe unaitwa nani unayetajiwa mimi?"

"Faustina."

"Basi, Faustina, niambie. Pikipiki ya mume wangu imefuata nini kwako?"

Faustina akavuta kigoda, Beatha akakataa kukaa. "Dada, aliiacha yeye mwenyewe barabarani pale, mimi nikaisukuma ndani isiibiwe. Zaidi ya hapo si langu kusema. Nilimwahidi. Muulize mwenyewe, na umuulize leo. Nimemwambia mara nyingi akuambie."

"Akuambie," Beatha akarudia. "Yaani lipo la kuambiwa."

"Lipo."

"Una mume?"

"Alifariki."

Beatha akaondoka bila kuaga. Ndani ya basi alijaza mwenyewe palipobakia. Mjane, mzuri, mwenye maua. Mlango wa pembeni wa kuingilia, asumini ya kunukia gizani. Na kiwanja kimezindikwa ili yeye, mke wa ndoa ya kanisani, apumbazwe asione. Kila kitu kilikaa mahali pake. Aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kupiga hesabu iliyotoka sawasawa namna ile, na ndiyo maana hakuiangalia mara ya pili.

Hakumuuliza mzee siku hiyo. Mfanyabiashara hamkurupui mwizi. Humwacha anyanyue gunia kwanza.

Nafasi ikaja Jumamosi alasiri. Beatha alikuwa uani, kando ya tangi la maji, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachambua maharage ndani ya ungo. Beseni la yaliyokwisha kuchambuliwa alikuwa ameliweka karibu na miguu. Mlango wa nyuma ukafunguka. Eliufoo akatoka na simu sikioni, akaja mpaka karibu na tangi, akasimama ubavu kwa ubavu naye. Beatha angenyoosha mkono angeshika pindo la koti la mzee.

"Alikuja?" Eliufoo alikuwa akisema. "Mungu wangu. Lini? ... Alisemaje? ... Hapana, Faustina, hajaniuliza kitu. Hajui. Usimwambie. Nyumba ikifika kwenye linta nitamwambia mwenyewe. Nivumilie kidogo."

Beatha aliganda na punje mkononi. Alisubiri ashituke, aone haya, akate simu. Mzee aliendelea kusema, ametulia, uso ameuelekeza ukutani. Anamsema mbele yake! Mke amekaa hapa, na mtu anazungumza na hawara yake kama vile amesimama kando ya kisiki. Dharau ya namna hiyo hakuwahi kuisikia hata kwa walevi. Alishika ungo kwa mikono miwili, aurushe wote usoni pake.

"Haya, nitakuja na basi la asubuhi," mzee akamaliza, akaitia simu mfukoni, akapiga hatua.

Mguu ukapiga beseni. Maharage yakamwagika uani kote.

"Nani kaweka beseni hapa?" akasema kwa sauti ndogo, ya mtu anayejisemesha. Akapiga magoti, akaanza kuyazoa. Alikuwa akiyazoa vibaya. Viganja vilikuwa vikipapasa, vikirudi palipokwisha kusafishwa, vikiacha rundo zima kando. Mkono wake wa kushoto ukaendelea kupapasa, ukafika kwenye kandambili, ukasimama. Ukagusa kidole cha mguu. Ukagusa kifundo.

"Mama Shukrani?"

"Nipo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotoka ndani."

Mzee akabaki amepiga magoti. Beatha alikuwa bado ameushika ungo juu. Anasema kwamba aliushusha polepole sana, kwa sababu kitu fulani kilikuwa kikianza kumwambia asiuangushe.

"Eliufoo. Hukuniona?"

"Sikukuona."

"Nimekaa hapa. Mchana huu."

"Macho, Beatha." Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina. "Macho yanakwisha."

Akamweleza pale pale chini, kati ya maharage. Ilianza pembeni. Watu waliokuwa ubavuni walitoweka, akabaki anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Hospitalini Moshi walimwambia ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, dawa inazuia tu kinachobaki. Siku moja anatoka Mwanga na pikipiki hakumwona mwanamke aliyekuwa akitembea kando ya barabara na beseni la miche kichwani. Alimgonga kwa usukani, akamwangusha mtaroni. Yule alikuwa Faustina. Hakuumia sana. Aliyetetemeka ni yeye, Eliufoo, hakuweza hata kuiwasha pikipiki tena. Akamwambia kweli, mtu wa kwanza asiyemjua. Na Faustina akamwambia baba yake alipofuka akiwa bado ana nguvu, na kwamba yeye Faustina alimpandia uwanja mzima kwa harufu, na mzee yule alitembea mwenyewe kwake mpaka siku ya mwisho, akijua kwa pua yupo wapi.

"Ndiyo hiyo bustani," Eliufoo akasema. "Kivumbasi ni bafuni. Mchaichai ni jikoni. Na ule mlango ni wa mimi kutoka bila kupita kwenye viti vya watu."

"Na kufumba macho kule kiwanjani?"

"Umeambiwa na nani?"

"Jibu."

"Najifunza nyumba kabla giza halijafika."

Beatha akakumbuka rozimari aliyoichimbua. Halafu likamjia lingine, na hili ndilo lililomtoa machozi ya hasira. "Dawa unaiweka lini? Sijawahi kukuona unaweka dawa."

Mzee akaungama. Kichupa kilikuwa ndani ya boksi jingine la chanjo, stoo. Dawa aliiweka Beatha akiwa sokoni. Jumapili hakuweka. Msimu ule Beatha alipougua akashinda nyumbani, hakuweka kabisa.

"Umeyatupa macho yako ili unifiche mimi?" Sauti yake ilivuka ukuta, majirani walisikia. "Kwa nini? Nimekukosea nini?"

"Hukunikosea. Ila wewe unapima, Mama Shukrani. Nikiamka ungenipima. Nikishika kijiko ungenipima. Ujenzi ungesimama, tungehesabu kilichobaki machoni mwangu kila asubuhi. Nilitaka siku utakayojua unione natembea uani kwangu mwenyewe."

Beatha alishuka kwenye ndoo, wakazoa maharage wote wawili mpaka ua ulipokuwa mweupe.

Mtu angedhani yaliisha hapo. Kwa Beatha hayakuisha. Usiku ule ule alikumbuka kwamba mzee asingeweza kufika Moshi peke yake, akampigia binti yao.

"Shukrani, ulikuwa unajua?"

"Mama, baba aliniapisha."

Akakata simu, na ikapita miezi bila kumpigia. Kumbe watu watatu walikuwa wamekaa kwenye siri, yeye peke yake nje, yeye aliyejiona hapitwi na kitu. Hilo lilimuuma kuliko mjane yeyote. Akawa anaitilia shaka hata ile habari yenyewe. Huenda kuna zaidi. Huenda ni uvimbe kichwani wanamficha. Akamshika mzee mkono wakaenda Moshi, akamuuliza daktari swali moja kwa namna nyingi mpaka daktari akacheka. Jibu lilikuwa lile lile. Aliporudi aliniambia, "Ni kweli, Mama Asheri," kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi.

Kuanzia siku hiyo dawa akawa anaitia yeye, asubuhi na jioni, mzee amelaza kichwa mapajani pake. Mwanzoni alimtia shavuni zaidi kuliko jichoni.

Na ramani? Wilbard aliitwa tena. Alikuja na wasiwasi, akidhani anafukuzwa kazi. Safari hii walikutana kiwanjani, na Faustina alikuwa ameitwa pia. Beatha alimsalimia kama mtu anavyosalimia mpangaji wa nyumba ya pili, kwa adabu na kwa umbali. Kisha akavua viatu, akafumba macho, akamwambia mumewe, "Nionyeshe."

Eliufoo akatembea mbele, yeye nyuma na mkono begani pake. Walipita njia ya getini, wakazunguka msingi, wakapita utakapokuwa ule mlango wa pembeni, wakaendelea. Faustina alikuwa amekwisha kuotesha vichaka vya kwanza. Beatha alinusa, akasimama, akanusa tena.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

"Jikoni. Husikii mchaichai?"

"Nasikia kivumbasi cha bafuni."

"Haiwezekani," Faustina akasema. "Kivumbasi kiko kule nyuma."

"Kwenu Ugweno harufu inakaa ilipopandwa. Hapa ni Same, kuna upepo." Beatha akafumbua macho. Maisha yake yote alipepeta nafaka kwenye upepo ule. Alijua unatokea wapi asubuhi na unageukia wapi mchana. "Mchana utampeleka bafuni akidhani anakwenda kula."

Eliufoo alicheka mpaka akashika tumbo. Faustina alitazama juu, akalowesha kidole, akakubali. Wakakaa chini wote wanne wakapanga upya. Upande wa upepo ikawekwa safu ya miarobaini na ukuta mfupi. Harufu zikabaki mbili tu, ya getini na ya jikoni, mbalimbali kadiri kiwanja kilivyoruhusu. Kwingine kote Beatha alisema wasitegemee pua, wategemee miguu: changarawe kwenye njia kuu, udongo ulioshindiliwa kwenda bafuni, mawe mapana mbele ya ule mlango. Kingo za njia zikanyanyuliwa ili kidole kizikute. Ngazi za mviringo alizifuta kwenye simu yake mwenyewe. Korido ilibaki imenyooka, na mgeni akiingia huona mpaka mwisho wa nyumba. Hilo bado linamkera.

Walihamia kiangazi kilichofuata. Shukrani alikuja na watoto kwa ajili ya ibada ya kuibariki nyumba, akakaa jikoni na mama yake mlango umefungwa. Walipotoka wote walikuwa na macho mekundu na walikuwa wakibishana juu ya makande, ambayo mmoja wao aliyatia chumvi mara mbili. Kwa hiyo nikajua wamepatana.

Jicho la kushoto la Eliufoo limezima kabisa sasa. La kulia linashikilia. Daktari anasema dawa ya kila siku inafanya kazi. Beatha hufika sokoni jua likiwa limepanda, na wateja wake wamejifunza kumsubiri. Magunia bado anayachoma.

Mwezi uliopita mvua ilishuka mlimani usiku kucha, ikakata kona ya uwanja wao, ikasomba changarawe yote ya njia kuu mpaka kwenye zizi la Anaeli. Nilikwenda kuwapa pole. Niliwakuta wamepiga magoti kwenye tope, mtu na mkewe, na karai katikati, wanaipanga njia upya. Eliufoo alikuwa akipapasa mawe ya kingo na kuyapokea kwa kiganja.

"Hili limekaa nje," akasema.

"Limenyooka. Nalitazama."

"Liko nje, Mama Shukrani. Shika."

Beatha akashika, akalisukuma ndani kidogo. Kisha akaniona nimesimama getini na viatu vyangu safi. "Mama Asheri, umekuja kutuangalia?" akasema. "Kuna karai lingine nyuma ya jikoni."